Mikono ya Wageni

Tuisku, simama.
Juu ya meza ya jikoni, juu ya mkeka wa mpira
nilioukata kwenye zulia la gari bovu,
simama kwa miguu minne, si mitatu na mzaha.
Umri wako miezi mitano na siku sita,
na Jumamosi, Kajaani, ukumbi wa michezo,
utaitwa kwa namba.

Meno umekubali kuyaonyesha, kwa bei ya ini lililokaushwa.
Kucha tumepatana: mguu mmoja kila jioni,
nawe unatazama pembeni kama mtu anayechomwa sindano.
Fomu ya usajili uliila, ukabakiza mhuri.
Nimejaza nyingine.
Tumezunguka banda la kuni mara mia,
wewe kushotoni, mkia umejikunja mgongoni,
mimi, mwanamke wa miaka sitini na moja, goti la chuma,
nikidemadema kwa mwendo wa mashindano
gizani, nisionekane.

Lakini kitabu cha chama kimesema,
nami nimekisoma mara tatu nikitafuta upenyo:
kilebu azoeshwe mikono ya wageni.

Wageni, Tuisku!
Katika nyumba hii kikombe cha pili kimejaa vifungo
na betri zisizojulikana kama ni nzima.
Kengele ya mlango ilikufa, sikuizika wala sikuifufua.

Nilianza na tarishi. Akakugusa sikio moja
huku injini ya gari lake ikinguruma, akaenda zake.
Kisha Raili wa maktaba ya basi, bila kuvua glavu.
Wawili. Hawatoshi.

Ng'ambo ya barabara kuna mikono mingine, mikubwa.
Hartikainen.
Majira tisa ya theluji sijamwambia neno.
Trekta lake husukuma theluji ya njia nzima
na kuitua langoni kwangu, kichuguu kinachonipita kimo,
nami hukichimba kwa sepetu, pigo kwa pigo,
kila pigo na jina lake.

Alhamisi nikavuka.
Nilikukumbatia kifuani kama ngao.
Hotuba niliyoitunga iliganda njiani;
nikafika na neno moja:
Mguse.

Akavua glavu. Akavitazama viganja vyake,
akaingia ndani kuviosha kwa maji ya moto,
maana mkono wa baridi, alisema, humfundisha mbwa woga.
Kisha akakushika taya, akapitisha vidole mbavuni, mapajani,
hadi yale mawili ambayo mwamuzi sharti ahakikishe yameshuka,
na hapo akageuza uso kwa staha
kwa ajili yangu, si yako.
"Yote yapo," akasema.
Hivyo ndivyo tulivyopatana, mimi na Hartikainen:
kwa hesabu ya korodani mbili za mbwa.

Ijumaa akaja bila kuitwa. Akagonga, akakugusa, akatoka,
akarudi na kofia ya manyoya, akakugusa,
akarudi na mwavuli akaufungua puu! mbele ya pua yako,
akarudi amekunja uso, eti mwamuzi kutoka Helsinki.
Vifungo nikavimwaga kwenye bakuli.
Kikombe nikakisugua kwa magadi.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Sikuwa naumwa. Nilidhani hivyo.

Jumamosi ulikuwa wa nne kati ya wanne.
Mwamuzi aliandika: kichwa kizuri, manyoya bado,
mkono anaupokea bila hofu,
mwendo ulivurugika alipomwona mtu nje ya kamba.
Mtu huyo tunamjua. Alikuwa ameshika chupa yangu ya chai
na anakupungia kama mtoto.

Usiku kucha imeanguka.
Nasikia trekta. Nimesimama dirishani,
nawe kando yangu, miguu minne sawasawa, kichwa juu, kimya,
sasa ndiyo unasimama, ewe mshenzi mdogo,
sasa ambapo hakuna anayeandika.

Ameigawa:
nusu langoni kwangu, nusu langoni kwake.

Nachukua sepetu. Njoo.